Vumbi la kware lisiwaponze watoto

Kware huoga vumbi, si maji. Akijigaragaza, vumbi hunyonya mafuta yaliyozidi kwenye manyoya na kumpunguzia utitiri. Kumnyima ni kumdhulumu kiumbe cha Allah.

Tatizo ni kile tunachomtilia kwenye beseni. Wapo wanaotia saruji iliyobaki kwa fundi, wengine chokaa, wengine dawa ya unga ya kuulia wadudu. Saruji na chokaa zikikutana na unyevu wa macho na koo huunguza. Hiyo dawa kware anaimeza, nasi tunakula mayai yake! Majivu ya jiko lililowashwa kwa mifuko ya plastiki nayo hayafai.

Mchanga wa mto unatosha. Uoshe kwanza, ili vumbi laini linaloingia mapafuni litoke, kisha uanike mpaka ukauke. Ukipenda ongeza majivu kidogo ya kuni, yaliyopoa. Yakiloa yamwage, kwani huwa makali.

Linalonisumbua zaidi ni mahali. Mama huleta mtoto mwenye pumu, anakohoa usiku kucha, dawa hazisaidii. Ukidadisi, kizimba kipo chini ya kitanda cha mtoto! Kizimba na beseni vikae uani. Tena kwa madhehebu yetu ya Shafi kinyesi cha ndege ni najisi, na mchanga huo ukitapakaa chumbani utafika kwenye msala. Anayeubadilisha anawe mikono kwa sabuni kabla hajashika chakula.