Faili Nyingi za Maabara, Jedwali Moja

Mwanzoni mwa Oktoba 2020, Uingereza ilitangaza kwamba watu 15,841 waliokutwa na UVIKO-19 hawakuwa wameingizwa katika takwimu za kila siku kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba. Maabara zilikuwa zimefanya kazi yake, na wagonjwa wenyewe walipewa majibu. Kilichoharibika ni hatua ya katikati: faili za maabara ziliunganishwa ndani ya jedwali la Excel la muundo wa zamani, lisiloweza kubeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi iliachwa nje kimyakimya, na kazi ya kuwatafuta waliokaribiana na wagonjwa hao ikachelewa.

Ni makosa kulidhani jambo hili kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao. Kila kituo chenye faili moja kwa kila siku, kila wodi au kila mashine ya maabara hufika mahali pa kuziunganisha. Mara nyingi kazi hiyo huachiwa mtu mmoja, anayenakili na kubandika hadi usiku. Mkono uliochoka huruka faili moja, au huibandika nyingine mara mbili, wala hauachi alama ya kosa lake.

Amri chache zinazoandikwa katika kompyuta ya Linux au Mac hufanya kazi hiyo kwa uaminifu zaidi, na huweza kukaguliwa na mtu mwingine. Iliyo nyepesi kuliko zote ni cat, ambayo huambatanisha faili moja baada ya nyingine. Lakini cat haielewi inachokibeba. Vichwa vya safu hurudiwa kwa kila faili, na asiye mwangalifu huvihesabu kama wagonjwa. Tena, faili ambayo mstari wake wa mwisho haukufungwa hushikana na inayofuata. Vichwa vikiwa vimeondolewa, wagonjwa wawili huwa mtu mmoja. Amri ya wc -l, inayohesabu mistari, hailioni kosa hili, kwa kuwa huhesabu alama za kufunga mstari tu.

Inayofaa zaidi ni hii:

awk 'NR==1 || FNR>1' maabara/*.csv > jumla.csv

Huacha kichwa cha faili ya kwanza, huondoa vya nyingine zote, na hufunga kila mstari. Haitambui, hata hivyo, kwamba maabara moja imetanguliza umri na nyingine uzito; hilo hukaguliwa kwa macho kabla ya kuanza. Faili za asili nazo zisiguswe.

Kisha idadi ilinganishwe na daftari la maabara lililoandikwa kwa mkono, si na kompyuta ileile. Daftari likionyesha wagonjwa 412 na jedwali likaonyesha 409, uchambuzi usimame hadi hao watatu wapatikane, hata kama ripoti ilitakiwa jana.