Uvimbe Huo Una Jina Gani?

Chini ya ubongo wako, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama punje ya haragwe. Inaitwa hipofizi. Ni ndogo, lakini inaamuru mambo mengi: maziwa ya mama, kimo cha mtoto, siku za mwanamke, nguvu za mwanamume. Pengine uvimbe huota ndani yake. Usishtuke, maana mara nyingi sana si kansa. Lakini ukikua husukuma mishipa ya macho iliyo juu yake, na mtu huanza kujigonga milangoni kwa kuwa haoni pembeni. Tena uvimbe mwingine humwaga homoni kupita kiasi.

Watu wakisikia habari hiyo husema, "Akatwe upesi." Mimi nasema, uliza kwanza uvimbe huo unatengeneza protini gani.

Fikiri juu ya mwanamke ambaye hapati mimba. Siku zake zimekatika, na maziwa yanamtoka ingawa hana mtoto wa kunyonya. Huku kwetu Butembo na Beni jamaa za mume huanza kunong'ona. Mmoja anataja uchawi, mwingine anadai mbuzi wa mahari warudishwe. Kumbe pengine damu yake imejaa protini iitwayo prolaktini. Uvimbe wa namna hii mara nyingi hauhitaji kisu. Vidonge vya kabergolini au bromokriptini huupunguza, na wanawake wengi hupata siku zao tena na kuzaa. Kumfukuza mwanamke kabla ya kupima damu yake ni ukatili, nami sitaliita kwa jina jingine.

Lakini munganga hatatazama damu hiyo peke yake. Atapima kama kuna mimba. Atapima tezi ya shingo. Atauliza dawa anazomeza, maana dawa nyingine za kuzuia kutapika na za ugonjwa wa akili hupandisha prolaktini. Kisha ataomba picha ya kichwa.

Sasa mtazame mwanamume ambaye viatu vyake havimwingii tena, pete haitoki kidoleni, taya limesogea mbele. Uvimbe wake unamwaga homoni ya kukuza mwili. Katika picha unaweza kufanana kabisa na ule wa yule mwanamke, lakini huyu kwa kawaida hupasuliwa, kwa njia ya pua.

Ebola ilipokuwa kwetu, tangu 2018 hadi 2020, tulijifunza jambo hili kwa machozi. Malaria, tifo na Ebola zilianza kwa homa ile ile, na jibu lilitoka labo. Wengine waliichukia ile labo, wala sisemi kwamba wote hawakuwa na sababu.

Kuna na uvimbe ulio kimya. Damu haionyeshi kitu. Hapo nyama yenyewe ndiyo isemayo. Hukatwa vipande vyembamba sana, hutiwa kingamwili ambazo hushika protini moja tu, kama ufunguo na kufuli yake, na mahali zinaposhika hugeuka rangi ya kahawia. Tangu 2017 OMS imepanga uvimbe wa hipofizi kwa alama za namna hii, hasa protini tatu: PIT1, TPIT na SF1. Uvimbe ulio kimya wenye alama ya TPIT huweza kurudi kwa nguvu kuliko wengine, na mgonjwa wake anapaswa kupigwa picha tena kwa miaka mingi, hata akijisikia mzima.

Kwa hiyo nasikitika nikisikia jamaa wameuza shamba, mgonjwa amepasuliwa mbali, akarudi bila karatasi, na nyama imetupwa. Wewe mwuguzi, itie mara moja katika formoli, kiasi mara kumi ya ukubwa wake. Usiitie katika maji, wala usiiache ikauke. Baadaye huwekwa ndani ya nta, na kipande hicho cha nta hukaa miaka mingi bila barafu. Butembo ni mji wa biashara. Mizigo yetu inapita Kasindi mpaka Kampala na kurudi. Kitu kinachoingia mfukoni kitatushindaje?

Basi, kabla jamaa yako hajalazwa mezani, mwulize munganga kwa heshima: nyama itapelekwa labo gani, na kile kipande cha nta kitatunzwa na nani?