Sumu Isikae Katika Chupa ya Kinywaji



Imeenea katika mitaa yetu, pwani na bara, desturi ya kununua mafuta ya taa, dawa ya madoa na kostiki soda kwa kupimiwa, na kwa kuwa aghalabu mnunuzi hana chombo maalumu, vitu hivyo hutiwa katika chupa ambayo jana ilikuwa ya soda, kisha ikawekwa uvunguni, mahali ambapo mtoto wa miaka miwili, mwenye kiu na asiyejua kusoma, huiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Nawasihi tuikomeshe desturi hii, nyumba kwa nyumba na duka kwa duka, wala tusingoje amri ya serikali.

Wapika sabuni waijua tabia ya kostiki: ikitiwa majini, maji hupata moto pasipo kuni, sufuria ya alumini huliwa hata ikatoboka, na mafuta ya nazi yakikorogwa nayo hugeuka sabuni. Basi koo la mwanadamu nalo ni nyama na mafuta, na kostiki haibagui; huyageuza mafuta ya mwili vilevile, na mtoto aliyenusurika na mauti huenda akabaki na umio uliozibwa na makovu, asiweze kumeza hata uji.

Mafuta ya taa, kwa upande wake, huharibu zaidi mapafu, na mzazi amtapishaye mwanawe kwa huruma ndiye huyapeleka huko bila kukusudia. Asitapishwe, akimbizwe hospitali, na ile chupa ichukuliwe pamoja naye ili tabibu ajue la kutenda. Dawa ya madoa nayo isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, maana hapo hutoka klorini, gesi ile ile iliyoua askari huko Ypres, Ubelgiji, katika Vita Kuu ya Kwanza, mwezi wa Aprili 1915.

Kila nyumba na itenge dumu lenye kifuniko cha kukaza, lichorwe fuvu, likae juu na mbali na chakula. Mabalozi wa nyumba kumi, maimamu, mapadri na walimu walitangaze jambo hili. Nanyi wenye maduka, mkatae katakata kupimia sumu katika chupa ya kinywaji. Na lau mkipoteza wateja kwa insafu yenu hiyo, ni juu yetu sisi majirani kuja kununua kwenu.