Kutibu Si Kuponya: Tiba ya Sumaku na Amana ya Lugha

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Hata hivyo, katika maradhi ya akili mgonjwa aghalabu hajifichi kwa kupenda. Hufichwa na maneno ya jamii. Akishaitwa mwendawazimu au kichaa, hubaki bila neno la kusemea huzuni isiyokoma, usingizi uliomtoroka na siku zisizo na ladha. Maadamu sayansi imeleta tiba ya kuchochea ubongo kwa sumaku, suala hili la maneno limezidi uzito. Tiba hiyo ikielezwa vibaya, mgonjwa ataikimbia ilhali ingemfaa, au ataikimbilia kwa matumaini yasiyo na msingi.

Asili ya tiba yenyewe si ya juzi. Mnamo mwaka 1831, Michael Faraday wa Uingereza alithibitisha kuwa uga wa sumaku unaobadilika huzalisha mkondo wa umeme katika waya ulio karibu. Mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield waliuelekeza ujuzi huo kwenye ubongo wa binadamu. Waliweka koili ya waya juu ya kichwa, wakapitisha umeme mkali kwa muda mfupi mno, na misuli ya mkono wa upande wa pili ikashtuka. Fuvu halikutobolewa wala ngozi haikuchanjwa. Seli za neva huwasiliana kwa umeme, nayo nguvu ya sumaku hupenya mfupa na kuzua mkondo mdogo katika tabaka la juu la ubongo. Katika kutibu sonona, koili huelekezwa sehemu ya mbele ya ubongo, aghalabu upande wa kushoto, na mapigo hayo hurudiwa siku tano kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita.

Hapa ndipo lugha huteleza. Wengi wasikiapo umeme na kichwa vikitajwa pamoja hudhani kuwa ni ile tiba ya mshtuko iliyoanzishwa na Cerletti na Bini jijini Roma mwaka 1938. Tiba hiyo ni halali na huwafaa sana wagonjwa wa sonona kali, lakini ni kitu kingine. Katika tiba ya mshtuko, mgonjwa hupewa nusukaputi na umeme huamsha kifafa kwa makusudi. Katika tiba ya sumaku, mgonjwa huketi macho, husikia mlio wa kugongagonga, na huweza kurejea shughuli zake baadaye. Huenda akaumwa na kichwa. Kifafa hutokea kwa nadra sana na huepukwa kwa kila njia. Anayeziita tiba zote mbili "shoti" humtia mgonjwa hofu isiyo yake. Moto uliofifia huchochewa, haushtuliwi; Kiswahili tayari kina kitenzi kinachofaa.

Kosa la pili ni la kutia chumvi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu kifaa cha kwanza cha kutibu sonona kwa njia hii mwaka 2008, kwa wagonjwa ambao dawa haikuwafaa. Kipandauso kilifuata mwaka 2013, na maradhi ya mawazo na matendo ya kujirudia yasiyozuilika mwaka 2018. Huo ni ushahidi wa manufaa, si wa muujiza. Katika utafiti wa wagonjwa 190 uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2010, waliotokwa na dalili walikuwa asilimia 14.1 ya waliotibiwa kwa sumaku, dhidi ya asilimia 5.1 ya waliowekewa koili isiyofanya kazi. Utafiti mwingine wa wagonjwa 414, uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa mapigo ya dakika 3 hayapitwi na yale ya dakika 37.5. Takriban nusu ya wagonjwa hao walipata nafuu kubwa. Waliotokwa na dalili walikuwa wachache zaidi.

Kutibu, kupata nafuu na kupona si visawe. Mwandishi wa gazeti au wa tangazo anayeandika kuwa sumaku "huponya" sonona humwahidi mgonjwa asichoahidiwa na daktari. Mgonjwa huyo asipopona, hujilaumu mwenyewe, na lawama ni chakula cha sonona.

Yamkini wapo watakaodai kuwa istilahi ni kazi ya madaktari, na kwamba mashine hizi ni ghali mno kwa nchi ambazo hata washauri nasaha hawatoshi. Dai la gharama lina mashiko. Mashine haipaswi kutangulia ushauri nasaha na dawa za kawaida. Dai la istilahi halina. Sonona haipimwi kwa damu bali kwa maswali na majibu. Isitoshe, kabla ya koili kuwekwa, mgonjwa huulizwa kama ana chuma au kipandikizi cha sikio kichwani, na kama amewahi kuugua kifafa. Kifafa nacho ni ugonjwa ambao jamii nyingi huuonea aibu. Swali likiulizwa kwa neno la kuaibisha, mgonjwa atakana, na ukanaji huo waweza kumhatarisha. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ridhaa ya tiba inayotolewa kwa lugha isiyoeleweka ni saini tu.

Kwa hivyo, hapana budi vyama vya Kiswahili vyuoni vishirikiane na vitivo vya utabibu kuandaa faharasa ya maradhi ya akili na tiba zake, pamoja na fomu za ridhaa zilizojaribiwa kwa wagonjwa wenyewe. Faharasa hiyo isiridhike na kuunda maneno mapya. Iyapime pia yale ya zamani, na kuyaacha yanayomdhalilisha mgonjwa. Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wana shamba kubwa hapa, na wahadhiri wawaelekeze huko.