Trekta Kuukuu: Kabla Baba Watoto Hajauza Ng'ombe



Mwezi uliopita tulipokea barua ya mama mmoja wa upande wa Busokelo. Ndaga fijo kwa kutuandikia, mama. Anaeleza kwamba mumewe ameona trekta la zamani linauzwa Mbeya na moyo wake umelipenda. Ameamua kuuza ng'ombe wawili wa maziwa, kukata miti ya mbao ambayo waliipanda kwa ajili ya ada za watoto, na kiasi kitakachopungua akakikope kwa kuweka rehani nyumba wanayoishi. Mama huyu anauliza kama akikataa atakuwa amemvunjia mumewe heshima, na kama akikubali watoto watakunywa nini ng'ombe wakishaondoka.

Tumeamua kumjibu hapa ukurasani kwa sababu si yeye peke yake. Baada ya mavuno, wakati fedha za viazi na mpunga zinapoingia, madalali wa matrekta huonekana kila mahali. Tena sisi wenyewe tuliwahi kuungua kwa moto huu huu.

Mwaka 2013 viazi vilitulipa vizuri. Tukaongezea mkopo mdogo wa SACCOS, tukanunua Massey Ferguson ya zamani. Siku muuzaji alipokuja nyumbani sisi tulikuwa jikoni tukipika chai ya wageni, kwani tulijua mambo ya injini ni ya wanaume. Tulichungulia tu dirishani tukaona rangi nyekundu inang'aa kama pilipili, tukafurahi. Baba watoto naye alifurahia rangi ile ile. Trekta lililima siku 9. Siku ya 10 likagoma kuinua jembe, kisha oili ikaanza kuchanganyika na maji, na msimu wote wa Novemba na Desemba likalala karakana. Deni la SACCOS lilikuwa halilali. Ada ya mtoto wetu wa pili tuliilipa kwa kuuza ndama.

Kwa hiyo, mama wa Busokelo, hatutakuambia kwamba trekta kuukuu ni baya. Lile tulilonunua baadaye, mwaka 2016, lilikuwa kuukuu kuliko la kwanza, tena rangi yake ilikuwa imebabuka, na mpaka leo linatufanyia kazi. Umri peke yake hautoshi kulihukumu trekta. Uliza kwanza litalima wapi, kisha uliza kama linaweza kusimama pale dereva anapotaka lisimame.

Tuanze na hilo la wapi. Hebu tazameni milima yetu. Sehemu kubwa ya Rungwe ni migomba, chai, kahawa na siku hizi maparachichi. Mazao hayo hukaa shambani miaka mingi na hayahitaji kulimiwa trekta kila msimu. Viazi na mahindi tunapanda huku juu kwenye miteremko. Sisi tunatumia kipimo hiki: tembea hatua 10 kushuka, na kama ardhi imeshuka kwa zaidi ya hatua moja na nusu, hapo trekta lisiingie. Litapinduka, na hata lisipopinduka, jembe lake litalegeza udongo wote, nasi tunajua mvua za Tukuyu zinavyoupeleka udongo mtoni. Ukiondoa miteremko na migomba, familia nyingi hapa hubakiwa na eka moja au mbili za kulimika kwa trekta. Kwa eka mbili ni nafuu kukodi siku moja kwa mwaka.

Trekta la Rungwe basi huishi kwa kazi mbili: kuvuta tela la ndizi, viazi na kuni, na kushuka kwenda kulima mashamba ya watu tambarare, Kyela au Usangu. Mwulize baba watoto kwa upole ni kazi ipi anayoiwazia, na nani ataliendesha likiwa huko mbali. Kama jibu ni shamba la mpunga la Kyela, pengine pawatila inatosha. Hizi trekta ndogo za kutembea nazo nyuma zilienea sana nchini baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009. Hunywa dizeli kidogo, na ng'ombe mmoja angeweza kubaki zizini.

Sasa tuseme jibu limepatikana na kazi ipo. Hapo chagueni aina ambayo fundi wa karibu anaijua. Kwetu Massey Ferguson ndiyo iliyozoeleka. Ile ndogo ya 135 ilianza kutengenezwa mwaka 1964, na 240 iliyokuja baadaye hutumia injini ya Perkins ya silinda tatu ya ukoo ule ule, ndiyo maana spea zake hazisumbui sana kupatikana. Miaka ya 1980 yaliunganishwa pale Kibaha matrekta ya Valmet kutoka Finland. Yalikuwa na nguvu, lakini kabla ya kulipia Valmet la leo, nendeni kwanza dukani mkaulize bei ya pampu ya maji na sahani ya klachi. Duka likisema mpaka iagizwe, mmeshajibiwa.

Jambo hili la spea liliwahi kuwashinda hata wakubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapa Tanganyika mradi mkubwa wa karanga kule Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Vita vilikuwa vimeisha punde na matrekta mapya hayapatikani, basi wakanunua mitambo iliyokwisha kutumiwa na jeshi, mingi ikitoka Ufilipino. Ilikutana na udongo mgumu na visiki vya Kongwa, spea hakuna, mafundi wachache, ikaharibika mmoja baada ya mwingine. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, hasara ikiwa kama pauni milioni 36. Wao walikuwa na hazina ya taifa nyuma yao. Sisi tuna ng'ombe wawili.

Siku ya kulikagua, mfike asubuhi na mapema bila kutoa taarifa ya saa. Kabla ya salamu kuwa ndefu, wekeni mkono kwenye injini. Ikiwa ya moto, muuzaji amekwisha kuiwasha, na kuna kitu hataki mkione. Kliniki tunalijua sana hili: mama humpa mtoto panado nyumbani, akifika kwetu kipimajoto kinasema hana homa, na sisi tunamrudisha mgonjwa. Injini baridi husema kweli. Iwasheni, mtazame moshi. Moshi mweusi kidogo inapobebeshwa mzigo si ajabu. Moshi wa buluu usiokoma ni oili inayoungua, maana yake ringi zimechoka. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua, au maji yanaingia ndani. Ikiwa bado inaunguruma, fungueni kifuniko cha kujazia oili. Hewa ikipuliza kwa nguvu kama birika linalochemka, jiandaeni kufungua injini nzima. Kisha chomoeni kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Kile kijiti kingetuokoa mwaka 2013, na kukitazama hakuhitaji cheti cha ufundi.

Haidroliki nayo ni rahisi kupima. Inueni jembe mpaka juu, zimeni injini, kisha nendeni mkanywe chai, lakini mtu asipite wala kusimama chini ya jembe. Mkirudi mkakuta limeteremka mpaka chini, mafuta yanapita mahali. Gia zijaribuni zote, tena trekta likivuta kitu, kwani gia iliyochoka hukaa vizuri bila mzigo na kuruka ikipewa kazi. Matairi ya nyuma yaangalieni nyufa za ubavuni na rimu zilizoliwa na kutu. Matairi mawili ya nyuma yanaweza kumeza fedha yote mliyodhani mmeiokoa katika bei. Rangi mpya isiwazuzue. Tazameni pedali za klachi na breki: zikiwa zimelika mpaka chuma kinang'aa huku saa ya injini ikisema trekta halijafanya kazi nyingi, iaminini pedali.

Haya yote ni ya kulinda fedha. Yafuatayo tunayaandika kama wauguzi, na tunaomba msiyaruke.

Kwa karibu miaka 20 tumepokea wodini watu walioumizwa na matrekta, wengi wao vijana wazuri wenye nguvu. Mmoja alikuwa amepanda juu ya bawa la tairi kwa matembezi tu. Mwingine aliliwasha kwa bisibisi akiwa amesimama chini, kwa sababu swichi iliharibika siku nyingi na hakuna aliyeona umuhimu wa kuitengeneza. Gia ilikuwa imeingia, trekta likamwendea. Na tulimpokea mama mwenzetu ambaye khanga yake ilinaswa na ile shafti inayozunguka nyuma, ambayo mafundi huiita PTO, akiwa anapukuchua mahindi. Shafti hiyo kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Hakuna anayewahi kuvuta nguo yake ikishashikwa. Mama yule aliishi, lakini mkono wake haukurudi.

Basi katika ukaguzi wenu angalieni kama kifuniko cha shafti hiyo kipo. Katika matrekta ya zamani mara nyingi kimekatwa na kutupwa. Kisipokuwepo, gharama ya kukirudisha ikatwe kwenye bei, na mashine isifungwe mpaka kiwepo. Angalieni stata: gia ikiwa imeingizwa, isikubali kuwaka kwa matrekta yaliyotengenezwa hivyo. Breki ni mbili, kila tairi la nyuma na yake, na kuna kipande cha chuma cha kuzifunga pamoja mnapokuwa barabarani. Kipande hicho kisipokuwepo, dereva akikanyaga moja kwenye mteremko trekta hugeuka ghafla. Kwa tela ndiyo msiseme, kwani tela la viazi kwenye barabara ya tope hulisukuma trekta kutoka nyuma. Dereva ashuke kwa gia ile ile ambayo angepandia, wala asiiondoe njiani ili kuokoa mafuta.

Matrekta mengi ya zamani hayana ile fremu ya chuma inayomkinga dereva likipinduka. Trekta linaloinuka mbele na kulalia mgongo huchukua chini ya sekunde 2, na dereva hapati hata nafasi ya kuruka. Kama kuna matrekta mawili ya hali moja na moja lina fremu imara ya kiwandani na mkanda, chukueni hilo hata kama limezidi bei. Na kiti ni kimoja. Watoto wetu tumewakataza kabisa kupanda, wakalia, wakazoea.

Turudi kwenye swali la mama yetu kuhusu nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo, mama, ukiombwa saini yako unaombwa kitu ambacho ni haki yako kukitoa au kukinyima, na kusema "tungoje kwanza" si kumvunjia mume heshima. Maoni yetu ni kwamba nyumba isiguswe. Trekta ambalo haliwezi kununuliwa bila nyumba ni kubwa kuliko familia hiyo. Ng'ombe auzwe mmoja, wa pili abaki kwa maziwa ya watoto na samadi ya migomba. Fedha ikiwa haitoshi, tafuteni familia mbili au tatu mnazoaminiana mnunue pamoja, na kila kitu kiandikwe mbele ya mashahidi: nani anatoa dizeli, nani anatangulia kulimiwa, likiharibika mikononi mwa mmoja nani analipa. Undugu mwingi umevunjika kwa kuona haya kuandika.

Msilipe fedha zote, hata kama muuzaji ni wa ukoo, kabla ya kuona kadi halisi ya usajili. Linganisheni namba za kwenye kadi na zile za chasisi na injini. Kadi ikiwa na jina la benki au taasisi ya mikopo, trekta hilo bado lina mwenyewe mwingine. Na wekeni akiba ya matengenezo ya mwanzo. Sisi mara ya pili tulitenga robo ya bei tuliyolipa, na ilitumika karibu yote kwenye klachi, betri na tairi moja.

Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo mizuri kwa kununua, kwani mnakuwa na muda wa kutengeneza kabla mvua hazijaanza. Mkodisheni fundi wenu wenyewe, asiwe yule anayeletwa na dalali, na mlipeni siku yake hata kama atawaambia msinunue. Nawe mama, usibaki jikoni siku hiyo. Mwombe shemeji akuangalizie watoto, funga nywele, vaa nguo isiyopepea, na mwondoke alfajiri ili mfike injini ikiwa bado baridi.