Ile tatu haikatike



Watu wakubwa hapa Fungurume wanapenda kusema: "Feza ya Zaire ilikufa, balikata ma-zero tu." Mimi sikubali. Chukueni kalamu, tuhesabu.

Mwaka 1993 serikali iligeuza zaire za zamani 3.000.000 kuwa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100.000 zikawa faranga ya Kongo 1. Basi faranga moja ilisimama pahali pa zaire za zamani 300.000.000.000. Siye tunasema miliari mia tatu. Ndugu wa Tanzania wanasema bilioni mia tatu, lakini bilioni ya Kifaransa inapita ile mara elfu! Ukiwaandikia, andika namba yenyewe.

Ukivunja namba hii mpaka mwisho, unapata 2 mara kumi na moja, 5 mara kumi na moja, na 3 moja tu. Namba zinazoigawanya bila kubakisha kitu ni 288 (12 mara 2 mara 12, hakikisheni wenyewe). 7 haimo, 9 vilevile haimo. Ukizijumlisha zote pasipo yenyewe, unafika 699.755.855.280, zaidi ya mara mbili yake.

Lakini mimi ninaangalia ile 3. Ya mwaka 1998 ilikuwa zero kweli, kusogeza virgili tu. Ya 1993 hapana. Kumi inatoka kwa 2 na 5, na 3 haimo ndani yake. Kwa hiyo ukigawanya na 3 kitu ambacho 3 haiingie, hesabu haiishe hata ukiandika mpaka kesho.

Nkambo wangu mwanamuke anachunga mu valisi noti ya 5.000.000, yenye sura ya Mobutu. Tulihesabu pamoja: zaire mpya 1, makuta mapya 66, na sehemu mbili za tatu za likuta. Kile kipande ni zaire za zamani 20.000, na hakuna feza ya kukilipa. Mama aliyebadilisha noti moja moja alikiacha kila mara. Mama aliyeleta noti tatu pamoja, 15.000.000, alipata 5 kamili, hakupoteza kitu. Nkambo alinyamaza, kisha akasema: "Ma-zero tulijua kuhesabu. Ile tatu hakuna mutu alituambia." (Kule Kasai watu walikataa zaire mpya, wakaendelea na ya zamani. Hao hawakuwa na shida ya kugawanya!)

Wengine mu kalasi wanasema kuvunja namba ni kazi ya mtihani tu. Mu soko letu tunabadilisha dola na faranga kila siku, na kambisti anakata mwisho wa hesabu mbele ya macho yetu. Tangu ile siku ya valisi, mimi ninamuuliza anakata upande gani. Hapendi.