Siku moja haitoshi, ndugu mwandishi

Makala tamu, ila hapo uliposema Venice unaimaliza kutwa moja na begi lako mgongoni, hapo tumeachana. Mimi mtu wa Bunju, Venice naiona kwenye simu tu, lakini Mji Mkongwe naujua, na habari ni ileile. Nilidandia daladala alfajiri nikawahi boti ya kwanza, asubuhi nipo vichochoroni. Kupotea ndiyo raha yenyewe: Vespa inakupigia honi mgongoni, unajibana ukutani, mara unaibukia Jaws Corner, wazee wanacheza dhumna, unanunua kahawa chungu kikombe kidogo na kipande cha kashata. Ndiyo kwanza nimenogewa, muda wa boti ya mwisho ukafika. Forodhani majiko yanakolea jioni, mimi niko katikati ya bahari na njaa yangu.

Na wewe mdau hapo juu unayesema Zanzibar haijawahi kuwa na maji katikati ya mji, si kweli. Mkono wa bahari ulitenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukafukiwa, leo pale Darajani yanapita magari. Venice nao mwaka 2024 walianza kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 kwa baadhi ya siku. Aliyelala hotelini mjini hakutozwa ada hiyo. Mimi nawaelewa, mgeni wa kushinda anajaza njia halafu huyoo anaondoka. Vijana wenzangu, jichangeni mlale japo usiku mmoja.